Mstari Nilioupitisha Makaburini Mningani

Binti mmoja mpima ardhi, ajira mpya, alinitembelea hapa nyumbani Kibaha akanionyesha mpaka wa jimbo kwenye simu yake. Aligusa kioo kwa kidole gumba, na mstari mwekundu ukatokea, umenyooka, hauna hata doa. Nikamuuliza kama amewahi kuutembea. Akacheka. "Babu, setilaiti imeshautembea." Nikacheka naye, maana chai ilikuwa bado ya moto na sikutaka kumfukuza mgeni mapema. Alipoondoka nilibaki nikiwafikiria ninyi nyote mtakaoirithi kazi ile, nikaona niandike haya kabla kumbukumbu haijaanza kunitoroka. Mengine yatawachekesha. Moja halichekeshi, na kwa ajili ya hilo nimeshika kalamu.

Naitwa Maganga. Ni Mnyamwezi wa Tabora niliyekuja Pwani nikiwa kijana mwenye suruali moja nzuri, nikaajiriwa kuwa mchora ramani. Miaka ya mwanzo nilikaa Kisarawe, kule vilimani juu ya Pugu ambako asubuhi unavaa sweta na mchana unalivua kwa hasira. Baadaye nikahamia Kibaha, nikaoa, nikajenga, sikurudi tena Tabora ila kwa misiba. Na kila miaka mitano uchaguzi ulipokaribia, sisi watumishi tuliazimwa. Mwalimu alikuwa msimamizi wa kituo, bwana shamba alikuwa karani, na mimi kwa vipindi kadhaa nilikuwa msimamizi msaidizi wa kata. Kwa hiyo jimbo nimelichora kwa wino, na nimelihesabu pia likiwa karatasi za kura juu ya dawati la darasani.

Mkisikia jimbo, ninyi mnamfikiria mbunge, magari na vipaza sauti. Mimi nafikiria wakulima wawili wanaopakana. Mpaka wa jimbo hufuata wa wilaya, wa wilaya hufuata wa kata, wa kata hufuata wa vijiji, na huko mwisho kabisa kuna watu wawili wanaojua mmoja anaishia wapi na mwenzake anaanzia wapi. Ukikosea pale chini, kosa linapanda ngazi zote na kila ofisi inaligongea muhuri, kwa sababu hakuna mtu wa juu anayeweza kuona kwamba pana kasoro.

Enzi zetu tulichora kwa kalamu ya wino juu ya karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Hapakuwa na raba ya kufutia. Ukikosea unachukua wembe mpya, unaushika kwa ncha za vidole, unakwangua wino polepole kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Ukikandamiza unatoboa, na ukitoboa unaanza ramani upya. Joto la Februari mnalijua. Siku moja tone la jasho liliniponyoka kwenye paji la uso likaangukia kata ya Marui, wino ukatawanyika, ukakauka vizuri tu, mviringo. Nilikuwa nimechoka. Nikasema nani ataona. Ramani ikachapwa, ikasambazwa. Miezi ikapita, akaja bwana samaki mmoja na mabuti yake ya mpira, anataka kuonyeshwa bwawa la Marui ili awafundishe wananchi ufugaji. Mzee Kondo, mkubwa wangu wa kazi, akamjibu kwa uso mkavu: "Bwawa hilo ni la Maganga. Hujaa joto likizidi." Tangu siku hiyo ofisi nzima iliniita Bwawa. Lingekuwa kosa langu la pekee, ningestaafu moyo wangu ukiwa mweupe.

Huyo Mzee Kondo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, anayetembea na mwavuli jua na mvua, na hakuna mtu aliyejua ukubwa wa mguu wake kwa sababu viatu vyake vilikuwa na tope mwaka mzima. Kupima mpaka kwake kulianza kwa maswali. "Usimuulize mwenyekiti peke yake," aliniambia. "Mwenyekiti atakuonyesha mpaka anaoutaka yeye. Muulize mama anayechota maji. Muulize anayechunga mbuzi. Halafu uliza wanazika wapi."

Kamati za vijiji viwili vinavyopakana alizitembeza pamoja, nazo zikitangulia mbele, yeye nyuma na mwavuli wake. Kila penye kona alisimama kimya akiwasikiliza wanavyobishana na kutaniana. Mtu aliyekuwa akizungumza sana akinyamaza ghafla, Mzee Kondo alinigusa begani: mpaka una neno hapo, tusiondoke. Na saini hazikupigwa mpaka mwisho, watu wakiwa hoi, miguu imevimba, wanaomba maji. Alisema saini ya mtu aliyechoka inaaminika, kwa kuwa anajua amesaini nini.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu ili muone kwamba nilifundishwa. Sina kisingizio cha kutojua.

Ulikuwa mwaka wa kupima mipaka ya vijiji, na vijiji vilivyobaki vilikuwa vichache. Mzee Kondo akalala na malaria. Nikaambiwa niende badala yake na wasaidizi watatu. Tulipelekwa Mningani, kitongoji cha mwisho upande wa Kibaha, bonde la mikorosho, shule ya vyumba vitatu, na zaidi ya hapo kijito. Ng'ambo ya kijito ni Kisarawe. Nilikuta kamati za pande zote mbili zimekaa tangu asubuhi, na wingu jeusi limeshaanza kushuka kutoka vilimani. Dereva alikuwa haachi kunung'unika kwamba udongo ule ukilowa tu, tutalala pale na mbu.

Mwenyekiti mmoja akaniambia, "Bwana ramani, sisi hatugombani. Tusaini sasa hivi, wewe utamalizia."

Na mimi nikakubali. Nilitandaza karatasi ya makubaliano juu ya boneti ya gari, matone ya kwanza yakiwa yameshaanza kudondoka, wakasaini mmoja baada ya mwingine, wakakimbilia varandani. Kisha nikapanda kilima nyuma ya shule. Kutoka pale niliona safu ya mibono, mirefu, ya zamani, imepangwa ikanyooka kutoka shuleni mpaka vichakani. Ninyi mnaujua mbono, ule mti unaopandwa kuzunguka mashamba kwa sababu mbuzi hawauli. Nilikuwa nimeuona kwenye mipaka ya mashamba karibu mia. Nikajisemea, mpaka huu hapa, umeshachorwa. Nikapima uelekeo kwa dira, nikahesabu hatua, nikaandika, tukaondoka kabla barabara haijafunga. Kazi ya siku nzima niliifanya kwa nusu saa, na njiani nilimsifia dereva kwa kutuharakisha.

Mzee Kondo alipopona aliifungua ramani yangu mezani. Akauliza swali moja tu. "Wanazika wapi?"

"Wanazika kwao, mzee," nikamjibu.

Kisha akatazama karatasi ya makubaliano, saini zimejaa, hakuna hata moja iliyokosekana. Akatia ya kwake.

Ramani ililala kwenye droo miaka mingi bila kumdhuru mtu. Watu wa Mningani waliendelea kulima, kuoana na kupiga kura shuleni kwao wote pamoja. Halafu daftari la wapigakura likaandikwa upya, na makarani wakapewa ramani. Nyumba kama ishirini hivi zilizokuwa kati ya mibono na kijito zikaambiwa ninyi mpo jimbo la Kisarawe, kituo chenu kiko ng'ambo. Wengine walikataa kujiandikisha. Wengine walijiandikisha tu wapate kadi, wakidhani ni mahali pa kupigia picha, na kura itapigwa palepale siku zote.

Siku ya kura mwaka huo nilikuwa msimamizi msaidizi wa kata ile yenye Mningani. Wiki moja kabla nilikuwa nimewafundisha wasimamizi wa vituo, na mnisikilize vizuri, kwani wengine wenu mtaifanya kazi hii. Sanduku liinueni juu, mligeuze, kila wakala aone kwamba ni tupu, ndipo mlifunge. Fomu ya matokeo bonyezeni kalamu kwa nguvu, nakala ya mwisho lazima isomeke. Kura hesabuni kwanza mbele ya macho ya mawakala, ndipo mwandike. Msiandike kwanza halafu mkatafuta hesabu ya kufanana na mlichoandika. Nilisema hayo kwa sauti kubwa, nimeweka mkono kiunoni, mwalimu kwelikweli.

Saa tano asubuhi nilifika Mningani. Foleni ilikuwa imetulia, isipokuwa mbele kabisa, ambako bibi mmoja alikuwa amesimama mbele ya karani na hataki kusogea. Aliitwa Bi Tausi, kama nilivyokuja kujua, mjane anayelima mihogo na korosho nyuma ya shule.

"Jina lako halimo, bibi," karani alikuwa akisema, na kwa sauti yake alishasema mara nyingi.

"Halimo vipi, na mie ndo huyu hapa?"

"Kadi yako inaonyesha kituo cha ng'ambo. Wewe ni wa jimbo la Kisarawe."

"Kisarawe naenda kuuza korosho. Kura napiga hapa, tangu mama yako hajaolewa."

Foleni ikacheka. Nikaingilia kati, nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini. "Na we mkubwa wao, kabila gani?"

"Mnyamwezi, bibi."

"Loo! Mtani wangu huyu! Ndo maana mambo yameharibika."

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kununa. Nikacheka. Akanishika mkono. "Njoo nikuonyeshe hiyo Kisarawe yenu ilipoanzia." Akanipeleka nyuma ya shule, hatua chache tu, tukasimama kwenye kivuli cha mibono.

"Huyu babu yangu," akasema, akigusa shina la kwanza. "Huyu bibi. Huyu mama yangu mzazi. Huyu mwanangu wa kwanza, alikuwa na miaka minne. Wanasema mpaka umepita hapa. Sasa mtani, mama yangu yuko jimbo gani?"

Niliitazama safu yote, mti mmoja kwa kila mtu, hadi vichakani. Nikatazama kile kilima nilichosimama siku ile ya mvua. Pwani hii mbono hupandwa pia juu ya maiti, na hilo angeniambia mtoto yeyote wa Mningani kama ningemuuliza. Nilikuwa nimechukua makaburi ya ukoo mzima nikayafanya uzio wa shamba, na walio hai nyuma ya makaburi yao nimewahamishia wilaya nyingine.

Nikamwambia, "Nitalifuatilia, bibi."

Hilo tu. Sikusema ni mimi. Sheria haikuniruhusu kumpigisha kura pale, na gari la uchaguzi halikuruhusiwa kubeba mpigakura. Kwa hiyo Bi Tausi alijifunga kanga ya pili kiunoni akashuka kuelekea kijitoni, na mimi nikasimama nikimwangalia. Kituo cha ng'ambo kilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa kijana. Alifika saa kumi imeshapita na foleni imeshafungwa.

Nilijua hayo kesho yake asubuhi, nilipopita tena kukusanya vifaa. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya shule, miguu ameinyoosha, visigino vimepasuka. Hakunitania. Alisema, "Kura yangu mmeipeleka Kisarawe, mie mwenyewe mmeniacha Kibaha." Nikampa pole, nikapakia masanduku.

Vijana wangu, nitawaambia ukweli kuhusu miaka iliyofuata: nilijificha. Nilikuwa na watoto shuleni, nyumba haijaisha, na nilijua adhabu ya mtumishi aliyesainisha watu karatasi tupu. Kila siku nilijiambia bado kidogo. Wakati huo pampu ya kisima cha zile nyumba ishirini iliharibika. Walipoomba upande huu waliambiwa waulize ule, walipoomba ule wakaambiwa waulize huu. Simlaumu aliyewajibu hivyo, kwa sababu karatasi iliyokuwa mbele yake ilisema hivyo, na karatasi ile ilikuwa na mwandiko wangu. Nilikuwa nikisikia neno Mningani kwenye kikao, nainamia daftari langu najifanya naandika.

Mtu wa kwanza niliyemwambia alikuwa Mzee Kondo. Alishastaafu, anaishi kwake Kisarawe, anafuga bata. Nilimkuta uani anawatupia pumba. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua? Mbona ulisaini, mzee?"

"Nilikuwa na homa na nilikuwa nakupenda. Vyote viwili vinaharibu macho." Akamalizia pumba, akajifuta mikono. "Sasa sikia. Ukiwaambia mstari umekosewa, watakuonyesha saini, watasema pande zote zilikubali, na hapo mlango umefungwa. Kinachofungua mlango ni kimoja. Saini zilipigwa kabla au baada ya kutembea?"

"Kabla."

"Basi hilo ndilo la kusema. Na la kusema ni lako, mie sikuwepo."

Nikarudi ofisini, nikaandika barua. Mkubwa wangu wa wakati huo, mtu mwema, aliisoma mara mbili akafunga mlango. "Maganga, umebakiza miezi ustaafu. Andika hitilafu ya kitaalamu. Hitilafu haina mwenyewe." Alinitakia heri, naapa. Lakini hitilafu isingezifuta zile saini, ningestaafu salama na Bi Tausi angeendelea kuvuka kijito. Nikamwambia barua ibaki ilivyo. Usiku nilimweleza mke wangu, akanigeuzia mgongo, na asubuhi akanipigia pasi shati jeupe, ndipo nikajua amekubali.

Mkutano wa vijiji viwili uliitishwa pale shuleni. Wageni wa wilaya zote mbili walikaa mezani, na ofisa mmoja akasoma ule muhtasari wa zamani: pande zote zilitembea mpakani, zikaridhika, zikasaini. Akauliza kama kuna mwenye neno. Wazee waliosaini walikuwa wamebaki wawili, nao walitazama chini kwa aibu isiyokuwa yao.

Nikasimama. Nikasema saini hizo zilipigwa juu ya boneti ya gari kabla hatujapiga hata hatua moja, na aliyeziomba ni mimi. Nikasema mstari niliuchora peke yangu kutoka kilimani, nikidhani mibono ile ni uzio wa shamba. Nikasema waliosaini hawakuona nilichochora mpaka leo.

Mwenyekiti wa upande wa Kisarawe ndiye aliyejibu kwanza. "Sisi mpaka wetu ni kijito, babu zetu wamekufa wanajua hivyo. Tulipoona tumeongezewa wapigakura tusiowajua, tukadhani ni baraka." Watu wakacheka kidogo, kwa woga.

Halafu akasimama Bi Tausi. Alikuwa amezeeka sana, anashika mkongojo.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, bibi."

"Siku ile nilipokuleta makaburini, ulijua?"

"Nilijua tulipofika pale."

"Ukaniacha nikavuka kijito kwa miguu hii."

"Nilikuacha, bibi."

Hakucheka. Aliniangalia mpaka nikatamani anitukane. Sijawahi kuona haya maishani kama nilivyoona pale, mbele ya watu niliowaandika kwa hatua za kukadiria. Mwishowe akagonga mkongojo chini. "Angekuwa mtu mwingine ningemshitaki. Mtani hashitakiwi, mtani anatozwa. Utakuja hapa na jembe lako mwenyewe, uwalimie wazee wangu makaburi yao, yote, mpaka kichakani. Na sisi tutakaa kukuangalia."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nililima tangu saa moja asubuhi, mzee mzima wa karibu kustaafu, na wanawake wa Mningani wamekaa kwenye mikeka wananisema. "Lima taratibu, Mnyamwezi! Usije ukamhamishia mama yangu Mkuranga!" Kila kaburi Bi Tausi alinitajia jina na nikatakiwa kulirudia. Nilipotoka pale nilikuwa na malengelenge viganjani na majina ya watu wote wa ule ukoo kichwani.

Ofisini nilipewa barua ya onyo kali, na nilistaafu bila sherehe, bila hotuba, bila ile saa ya ukutani wanayopewa wengine. Nilisikitika, sitawadanganya. Mpaka ulitembewa upya, kamati zote zikitangulia mbele, kutoka shuleni hadi kijitoni na kando ya kijito chote. Karatasi zikapanda ngazi zake, kata, wilaya, mkoa na kuendelea, na zilipanda kwa mwendo wao. Zilishuka kabla daftari halijafungwa kwa uchaguzi uliofuata.

Uchaguzi huo nilikuwa mwananchi wa kawaida. Nilipiga kura yangu karibu na nyumbani, nikalala. Kesho yake asubuhi nilipanda basi hadi Mlandizi, na kutoka hapo bodaboda mpaka Mningani, nikijiambia naenda kununua mihogo. Fomu ya matokeo ya kituo ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa darasa, na mbele yake alikuwa amesimama Bi Tausi, pua karibu iguse karatasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtani, umekuja wakati mzuri. Miwani nimeiacha nyumbani. Nisomee za ubunge."

Nikamsomea. Nilianza na wa kwanza, aliyekuwa na kura nyingi kuliko wote waliobaki ukiwajumlisha. Akatikisa kichwa, endelea. Wa pili, wa tatu. Nikafika wa mwisho, nikataja jina la mgombea na idadi: moja.

"Ngapi?"

"Moja, bibi."

Akapiga kofi. "Hiyo yangu!"

Nikageuka kuangalia kama kuna mtu anatusikia. "Bibi, kura ni siri."

"Siri ilikuwa jana."

"Lakini huyu ameshindwa vibaya."

"Nimekuuliza nani kashinda?" Akanisukuma kwa kiwiko. "Wale wengine wote waliishia hapa shuleni na spika zao. Yule kijana alikuja mpaka kwetu nyuma ya makaburi, akakaa kwenye mkeka, akala muhogo. Nikamwambia kura yangu utaipata, mwanangu, safari hii itafika. Nisomee tena."

Katika vipindi vyote nilivyojumlisha kura nimeona washindi wakibebwa mabegani na walioshindwa wakilia kwenye magari yao. Sikuwahi kumwona mtu aliyefurahi kama yule bibi. Aliinua kidole chake, wino wa jana ungali mweusi kwenye ukucha, akauliza moja yenyewe iko wapi. Nikamshika mkono, nikakiweka kidole chake juu ya tarakimu. Akakiacha pale.

"Tena," akasema.

Nikamsomea tena.